DUKA LA FAHARI NA KAZI YA SAA NANE



Msafiri avukaye Marekani kwa gari la moshi, kutoka New York kwenda California, kwa kawaida hubadili gari mjini Chicago na kungoja saa kadhaa. Wengi hutumia nafasi hiyo kwenda State Street kulitazama duka kubwa la ghorofa lililokuwa la Marshall Field. Nasi twasema, waende. Ni duka la fahari. Saa kubwa ya pembeni iliwekwa mwaka 1897, na dari ya vioo vya rangi, kazi ya Tiffany, ni ya mwaka 1907. Mwaka 2006 duka lilibadilishwa jina likaitwa Macy's.

Lakini mfanyakazi asiishie kwenye dari. Akitoka, na ashike barabara ya Randolph kwenda magharibi, avuke mto, naye atafika Haymarket. Mei 1886 wafanyakazi wa Chicago waligoma wakidai kazi iwe saa nane kwa siku. Tarehe 4 walikutana hapo kulalamikia wenzao waliouawa na polisi jana yake. Bomu likatupwa, polisi wakapiga risasi, watu wakafa pande zote mbili. Aliyelitupa hakujulikana, hata hivyo watu wanane walitiwa hatiani, na wanne wakanyongwa tarehe 11 Novemba 1887. Matajiri wa mji walipokutana kushauriana kama wahukumiwa waombewe msamaha, Marshall Field alikuwa upande wa waliokataa. Mwaka 1893 Gavana Altgeld aliwafungua watatu waliobaki gerezani, akasema kesi haikuwa ya haki.

Sikukuu yetu ya Mei Mosi ilitoka huko.

Wako wasemao kwamba hayo ni ya kale na ya mbali. Hatukubali. Hapa kwetu wako walinzi wakeshao saa 12 mlangoni mwa duka, na wasichana wauzao wakisimama kutwa. Hao wangali wanaingoja kazi ya saa nane.

Basi mwenye kusafiri na aturudishie habari kamili. Atusimulie uzuri wa dari, kisha atuambie: wauzaji waliomhudumia wana chama? Hufanya kazi saa ngapi? Wakizidisha saa, hulipwa? Habari hizo zitatufaa mkutanoni kuliko picha.

Umoja ni nguvu.