Kodi Imepandishwa: Usikubali kwa Kunyamaza

Juma hili twataka kusema na ninyi mlio na duka, kinyozi, cherehani au hoteli ya chai katika nyumba ya mtu mwingine, pale sokoni karibu na kijiji chenu. Kwa jamaa nyingi za Kenya chumba kile kimoja ndicho kiletacho karo ya watoto na sukari ya nyumbani. Shamba hulisha, lakini fedha hutoka dukani. Basi siku mwenye nyumba apitapo mlangoni na kusema, "Kuanzia mwezi ujao ni elfu saba," si baba peke yake akosaye usingizi.

Wengi hufanya moja la mambo mawili. Huyu hukubali palepale kwa hofu, na yule hufunga vitu vyake usiku akahama. Wote wawili wamefanya haraka mno. Tangu mwaka 1965 Kenya ina sheria iliyotungwa kwa ajili ya wapangaji wa namna hii, nayo ni Sura ya 301 ya Sheria za Kenya, ihusuyo maduka, hoteli na mahali pa kuuzia vyakula na vinywaji. Hata fundi wa kushona na kinyozi wamo, kwa kuwa duka katika sheria hii ni pamoja na mahali pa kumfanyia mtu kazi kwa malipo. Yafaa uijue, maana yakulinda hata kama huna hati yoyote, na mlipatana na mwenye nyumba kwa maneno tu chini ya mti. Humlinda pia aliye na mkataba wa maandishi usiozidi miaka mitano.

Sasa sikiliza vizuri. Neno la mdomo la mwenye nyumba halipandishi kodi ya duka la namna hii, wala ujumbe wake wa simu. Hana budi kukupa notisi ya maandishi, kwa fomu iliyowekwa na sheria, yenye kutaja badiliko analotaka na sababu zake. Tena notisi hiyo haiwezi kuanza kazi kabla ya miezi miwili kupita tangu siku ulipoipokea. Notisi ya wiki mbili iliyoandikwa kwenye ukurasa wa daftari ni karatasi ya kufungia maandazi.

Lakini hapa ndipo watu wapotezapo haki yao. Notisi iliyo halali ikifika, nawe ukaitia mkobani ukanyamaza, sheria yahesabu kwamba umekubali. Siku iliyotajwa ikiwadia, kodi mpya ndiyo kodi yako, na kulia hakutafaa kitu.

Tuseme mama mmoja mwenye hoteli ya chai alipa shilingi 4,000 kwa mwezi. Tarehe 10 Machi aletewa notisi ya kupandisha kodi iwe 7,000. Kwanza aandike nyuma ya karatasi ile siku aliyoipokea, maana miezi yahesabiwa tangu hapo, si tangu tarehe iliyopigwa chapa juu. Kisha, kabla ya tarehe 10 Aprili, amjibu mwenye nyumba kwa maandishi kwamba hakubali, na nakala abaki nayo. Halafu, kabla ya siku ile kodi mpya itakiwapo kuanza, ambayo haiwezi kutangulia 10 Mei, apeleke shauri lake kwenye Baraza la serikali liamualo kodi za nyumba za biashara. Akiisha kulipeleka, notisi yalala. Haina nguvu mpaka Baraza litoe uamuzi, na muda huo wote mama yule aendelea kulipa zile 4,000.

Aendelea kulipa, nasema. Wako wadhanio kwamba kwa kuwa kuna ugomvi, kodi nayo ingoje. Wanajichimbia shimo. Kukaa miezi miwili bila kulipa kodi iliyokwisha kufika, au kuilipa kwa kuchelewa kila mara, ni mojawapo ya sababu ambazo sheria hiyohiyo yampa mwenye nyumba za kutaka uondolewe. Ulikuwa na haki mkononi, ukampa yeye. Akikataa kupokea fedha zako kwa hasira, mpelekee kwa M-Pesa, na ule ujumbe usiufute. Tena sheria yamtaka mwenye nyumba awe na kitabu cha kodi, akupe nakala yake, na kila malipo na kila tengenezo la nyumba viandikwe humo. Ni wachache sana waliowahi kukiona kitabu hicho. Kidai. Na kama hakipatikani, usitoe hata shilingi moja bila stakabadhi.

Je, yafaa kwenda kwenye Baraza kila mara? La. Zunguka kwanza sokoni ukaulize jirani zako walipa kiasi gani kwa chumba kama chako, kwa maana Baraza nalo litatazama kodi za nyumba zinazofanana. Ukikuta wenzako walipa 6,500, nawe umekaa miaka minane kwa 4,000, usijidanganye. Nenda kwa mwenye nyumba pamoja na mzee mmoja anayeheshimiwa na pande zote mbili, umwambie, "Nipandishie hadi 5,000 sasa, na 6,000 mwaka ujao," kisha mkiandike mlichopatana. Baraza makao yake ni Nairobi, ingawa huzuru miji mingine kusikiliza mashauri, na nauli na siku za kufunga duka nazo ni fedha. Lakini ukikuta wenzako walipa 4,500, elfu saba yake haina miguu. Nenda bila hofu. Na jambo hili wengi hawalijui: mpangaji naye aweza kutoa notisi kwa fomu yake, akitaka kodi ipunguzwe.

Mwenye nyumba mwingine hachukui kalamu, huchukua kufuli. Asubuhi wakuta duka limefungwa na maziwa yanaganda ndani. Usivunje kufuli lile. Piga picha, ita mashahidi, na upeleke malalamiko yako kwa Baraza hilohilo, ambalo laweza kutoa amri. Nanyi mlio wenye nyumba, maana twajua mwasoma gazeti hili pia, jueni kwamba ukipandisha bila fomu ile wajipotezea miezi yako bure. Itumieni, msiione kuwa ni ya mpangaji peke yake.

Kwa mwana au binti aliyepanga chumba cha kulala huko mjini, mambo ni mengine. Yeye hutazamwa na Sura ya 296, ambayo ina baraza lake, lakini ulinzi wake hukoma kwenye nyumba ambazo kodi yake ya kisheria haizidi shilingi 2,500 kwa mwezi. Chumba kikipita hapo, atategemea mapatano yake na notisi ya kawaida: alipaye kwa mwezi, apewe walau mwezi mmoja.

Limebaki jambo la vibanda vya soko. Ikiwa mwenye kibanda chako ni serikali ya kaunti, Sura ya 301 haikuhusu hata kidogo, kwa kuwa sheria imeziacha nje nyumba ambazo serikali ni mmoja wa wapatanao. Hapo shauri lako ni kwa ofisi ya soko na kwa diwani wa wadi yenu. Kwa hiyo kabla hujalipa amana ya chumba chochote, uliza mwenyewe ni nani, na uombe kuonyeshwa hati.