Covid Iliisha? Muulize Daktari Wako wa Meno

Maski ulitupa kitambo, na story za Covid huzitaki tena. Poa. Lakini kuna wasee virusi viliwatoka, ugonjwa ukabaki. Inaitwa Long Covid, na tangu Oktoba 2021 WHO ina maelezo yake rasmi: dalili ziko bado miezi 3 baada ya kuugua, zimekaa angalau miezi 2, na hakuna kitu kingine kinachozieleza. Uchovu wa kukulaza, kukosa pumzi, kusahau vitu.

Sasa hiyo uchovu impate daktari wa meno. Hii si kazi ya kuzima kamera kwa Zoom ukijifunika blanketi. Jamaa anainama juu ya mdomo wako, shingo imekazwa, drill inazunguka karibu na neva. Mkono ukitetemeka kidogo tu, wewe ndio utalia. Kwa hivyo siku mwili umekataa, hawezi kubahatisha. Anafunga.

Na akifunga, nani analipa? Cheki Uingereza. Machi 2023, takwimu za serikali zilionyesha watu karibu milioni 1.9 waliosema wana Long Covid. Huko England, madaktari wengi wa meno wa NHS wamejiajiri, na mkataba wa tangu 2006 unahesabu kazi kwa pointi. Kliniki ikikosa kufikisha asilimia 96 ya target ya mwaka, inaitishwa pesa irudishe. Yaani unaugua, halafu unadaiwa. Ukiniuliza, hiyo ni njia safi ya kumfukuza mtu kazini bila kumwandikia barua.

Hapa Nairobi usicheke. Kliniki ya daktari mmoja na msaidizi wake ni hustle kama duka: mwenyewe akilala, landlord halali, na msaidizi hana wa kumsaidia.

Wewe mgonjwa nawe hujaachwa. Baadhi ya watu wenye Long Covid hukaukwa na mdomo, na mate ndiyo huosha asidi inayokula meno. Yakipungua, meno yanaoza mbio, hasa ukiwa umechoka hata mswaki unaona ni mlima. Kama ni wewe, mwambie daktari mapema. Itisha miadi saa zile uko na nguvu, afanye kazi kidogo kidogo. Kunywa maji, tafuna chingamu isiyo na sukari. Hiyo soda baridi ya kulainisha koo ndiyo inamalizia jino.