Walifungwa kwa kubeba jarida

Makamanda, mwaka 1970 mahakama ya Warsaw iliwafunga vijana watano kati ya miaka 3 na 4 na nusu. Kosa lao? Kupitisha kwa siri, kupitia milima ya Tatra, machapisho ya Kultura, jarida la Kipolandi alilolihariri Jerzy Giedroyc huko Ufaransa.

Mimi nasoma sheria, na kesi hii naisoma hivi: wakomunisti waliogopa hoja, sio matusi. Kultura liliwaambia hata Wapolandi wenzake ukweli mchungu: tusidai tena Vilnius na Lviv, tuheshimu uhuru wa majirani zetu.

Sisi tuna simu mfukoni, halafu tunashinda tunarushiana vijembe tu! Tuandike hoja ambazo mtu atakubali kupanda nazo mlima.