KOMPYUTA INACHEMSHA? USIDANGANYWE NA TAA ZA FENI!

Wiki hii naweka mapenzi na mitindo pembeni, naingia kwenye kitu kinachokula pesa za vijana wa mjini kimyakimya: hitisinki. Kwa asiyeijua, ni lile bonge la vibati vyembamba lenye feni linalokaa juu ya prosesa ya kompyuta ya mezani. Kazi yake ni ile ile ya rejeta kwenye daladala. Rejeta ikiwa ndogo, gari linachemka mlimani na abiria wote mnashuka.

Sasa kuna wenzetu hawaridhiki na mwendo aliopanga mwenye kiwanda. Wanaingia kwenye setingi na kuikimbiza prosesa zaidi. Mchezo huu unaitwa ovakloki, na si wa jana wala juzi. Mwaka 1998 Intel walitoa prosesa ya bei poa, Celeron 300A, ya megahezi 300. Wajanja wakagundua kwamba ukipandisha mapigo ya mazabodi kutoka megahezi 66 hadi 100, prosesa ile ile inakimbia megahezi 450. Yaani unalipia baiskeli, unaendesha pikipiki!

Lakini hakuna cha bure chini ya jua. Ukiongeza mwendo, joto linaongezeka. Ukiongeza na volti ili mashine isigande, ndipo balaa linapoanza, kwa sababu joto hupanda kwa volti zikizidishwa zenyewe kwa zenyewe. Tuseme umetoka gigahezi 3.5 kwenda 4.4, na volti kutoka 1.20 kwenda 1.35. Mwendo umeongezeka kwa robo tu, lakini joto limeongezeka kwa karibu asilimia 60. Hapo ndipo kahitisinki kadogo kanapotoa ulimi nje.

Nina mshkaji wangu Sinza, anahariri video za harusi na sendofu. Ndiyo kazi inayomlipia kodi ya chumba. Mashine yake ina prosesa ya Core i5-6600K, na ile herufi K mwishoni maana yake unaruhusiwa kuikimbiza. Prosesa za namna hiyo huuzwa bila hitisinki kwenye boksi, kwa hiyo fundi aliyemuunganishia alipachika kale ka aluminiamu ka mashine nyingine ya zamani. Jamaa akaikimbiza mpaka gigahezi 4.4. Matokeo? Video ikifika katikati, joto linagonga nyuzi 98, mashine inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue, au inazimika kabisa. Kikomo cha prosesa hiyo ni nyuzi 100. Huku nyuma bibi harusi anapiga simu kila siku: "Kaka, mkanda wetu vipi?"

Tukaenda Kariakoo. Muuzaji akatutolea hitisinki fupi yenye taa za rangi saba. "Kaka, hii ndiyo inayotoka," akasema. Mshkaji macho yakamwaka. "Mwanangu, si unaona? Kama disko!" Nikamwambia mshkaji, taa hazipozi kitu. Vyote ving'aavyo si dhahabu. Geuza mzigo, tuone tumbo lake.

Tumboni ndiko kwenye siri. Hitisinki ya maana ina mabomba ya shaba yanayoanzia kwenye kitako na kupanda hadi kwenye vibati. Ndani ya bomba hakuna hewa tupu, kuna maji kidogo sana. Kitako kikipata moto, maji yanageuka mvuke, yanakimbilia upande wa baridi, yanapoa na kurudi tena chini. Ni kama mvuke wa wali unavyogonga mfuniko wa sufuria na kudondoka. Mabomba manne ni ya kuanzia kwa anayekimbiza prosesa ya kawaida. Ile ya disko haikuwa na hata bomba moja, ni aluminiamu tupu, wakati shaba hupitisha joto zaidi ya mara moja na nusu kuliko aluminiamu.

Jambo la pili, na hili wengi hawalijui. Hitisinki haiwezi kuipoza prosesa chini ya joto la chumba chako. Inachofanya ni kupunguza tofauti kati ya prosesa na hewa inayoizunguka. Kwa hiyo ukisoma kwamba hitisinki fulani ilipimwa Ulaya kwenye chumba cha nyuzi 22 na prosesa ikasimama kwenye 78, usishangilie. Chumba chako cha Dar mwezi wa pili, bila kiyoyozi, kina nyuzi 32. Zile 10 zinaongezeka moja kwa moja, unajikuta kwenye 88. Ndiyo maana mtu wa pwani anunue hitisinki kubwa kidogo kuliko ile anayoambiwa inatosha.

Kubwa, lakini iingie! Chukua rula, pima kutoka uso wa prosesa mpaka mfuniko wa pembeni wa kasha. DeepCool AK400, yenye mabomba manne na feni moja, ina urefu wa milimita 155. Noctua NH-D15 iliyotoka mwaka 2014, dubwana lenye feni mbili, inafika 165 na uzito wake unapita kilo moja. Kasha lako likiwa na nafasi ya 158, hiyo ya pili utaibeba kurudi dukani. Angalia na RAM pia, maana madubwana mengine yanazifunika, na RAM zenye kofia ndefu hazipiti chini yake.

Halafu soketi. Vishikio vya LGA1151 vinaingia pia kwenye LGA1150, 1155 na 1200, lakini LGA1700 iliyokuja mwaka 2021 ina matundu yaliyoachana zaidi. Za AMD zina zake. Andika jina la mazabodi yako kwenye karatasi kabla hujatoka nyumbani. Kuuliza si ujinga, kununua bila kuuliza ndiyo hasara.

Na bei je? Usidhani ghali ndiyo dawa. Thermalright Peerless Assassin 120 SE ina mabomba sita na feni mbili, na huuzwa chini ya nusu ya bei ya ile Noctua, wakati zinapishana nyuzi chache tu. Ukilipa zaidi, mara nyingi unalipia ukimya wa feni na uimara wake. Kama unarekodi sauti chumba hicho hicho, hiyo ni pesa halali. Kama feni ya dari inanguruma juu yako mchana kutwa, ya nini?

Kwa mshkaji tulichagua AK400, nyeusi, haina taa hata moja. Kasha lake lilikuwa na nafasi ya milimita 165, kwa hiyo ikakaa vizuri. Tukafuta pesti ya zamani iliyokauka kama ugali wa jana, tukaweka mpya kiasi cha punje ya njegere, tukabandua ile nailoni ya kwenye kitako (wapo wanaoisahau!), tukakaza skrubu kwa zamu, huku na huku, na feni ikaelekezwa kupuliza nyuma ya kasha. Usiku ule akaachia video ya saa mbili. Joto likacheza kwenye 79 mpaka 82, mashine haikupepesa. Jumatatu bibi harusi akaondoka na mkanda wake.

Bado nikamwonya. Vumbi la mjini likijaza vibati, hata hitisinki ya bei mbaya inageuka blanketi. Kila baada ya miezi miwili au mitatu, zima, chomoa waya, puliza kwa blowa huku umeshika feni isizunguke. Na kama ukishafanya yote hayo joto bado linapita 90, shusha volti kidogo na upunguze mwendo. Gigahezi 4.2 inayomaliza kazi ni bora kuliko 4.4 inayozimika njiani.

Kwa hiyo, wewe unayekusanya vijisenti vyako, ukifika dukani usiulize inawaka rangi gani. Uliza ina mabomba mangapi, urefu gani, na inaingia soketi ipi. Muuzaji akianza kubabaika, sogea duka la jirani. Mjini hapa maduka ni mengi, pesa zako ndizo chache.

Haya, nafasi imekwisha. Tukutane wiki ijayo panapo majaaliwa. Baki mpole, baki wa baridi!