Macho Mekundu ya Mama Mkwe

Hivi msomaji wangu, ukikutana na mtu kwa mara ya kwanza, unachukua muda gani kuamua kama ni mwema au mbaya? Dakika nzima? Thubutu! Mwaka 2006 Janine Willis na Alexander Todorov wa Chuo Kikuu cha Princeton, Marekani, waliwaonyesha watu picha za sura wasizozifahamu. Sehemu moja ya kumi ya sekunde iliwatosha kuamua nani anaaminika. Walipoongezewa muda, maoni yao hayakubadilika sana. Kilichozidi ni kujiamini tu.

Ndivyo ubongo ulivyo. Upande wake wa chini kuna sehemu inayoshughulika hasa na sura za watu. Ndani kuna kijisehemu chenye umbo la lozi, kinaitwa amigdala, ambacho kikihisi hatari kinapiga king'ora bila kungoja ushahidi. Na macho ya mtu ni kati ya vitu kinavyovichunga sana.

Sasa twende Shinyanga. Huko kwa miaka mingi bibi mwenye macho mekundu ameitwa mchawi, na vikongwe wengi wamekatwa mapanga kwa sababu hiyo. Wekundu wenyewe unatoka wapi? Jikoni! Kuni ni adimu, bibi anapikia kinyesi cha ng'ombe kilichokauka, ndani ya kibanda kisicho na dirisha, tangu alipoolewa. Moshi ule ungemwacha nani na macho meupe? Lakini kijana akitoka machimboni Geita, macho mekundu kwa vumbi na kukesha, tunampa pole. Macho yaleyale, hukumu mbili.

Mchumi Edward Miguel alichunguza Meatu, ambayo wakati huo ilikuwa mkoa wa Shinyanga. Utafiti wake uliotoka mwaka 2005 ulionyesha kuwa mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka maradufu miaka ya ukame au mafuriko. Waliouawa karibu wote walikuwa wanawake, wengi wao wazee, na wauaji kwa kawaida walikuwa ndugu zao. Sura za bibi hao hazikubadilishwa na mvua. Kilichobadilika ni njaa na hofu ya waliowatazama.

Nayaandika haya kwenye ukurasa wa mahusiano makusudi. Dada unayeolewa huko, siku ya kwanza mama mkwe hatabasamu, macho mekundu, na shoga yako anakunong'oneza, "Mh, jihadhari na huyo." Usikae pembeni ukimkodolea, maana kukodoa kunaongeza kujiamini, siyo ukweli. Piga goti, mpe shikamoo yake, kisha ingia naye jikoni. Machozi yakikutoka kwa moshi, utakuwa umepata jibu.

Halafu mwambie mumeo atoboe dirisha, ajenge jiko lenye bomba la kutolea moshi, na mama apelekwe kwa daktari wa macho. Na siku neno "mchawi" likitajwa kwenye kikao cha ukoo, mkwe mwema usinyamaze.