Moshi Mweupe wa Mabati

Kibera na Kawangware twaona mafundi wakichomelea mabati, moshi mweupe umewafunika nyuso. Moshi huo watoka katika zinki iliyopakwa juu ya bati: huchemka kwa nyuzi 907 za Selsiasi, chuma chenyewe kingali kigumu. Katika viwanda vya magari, wachomeleao kwa leza huacha mwanya mdogo kati ya bati na bati ili mvuke utoke, kiungo kisijae matundu. Ikiwa bati laachiwa nafasi ya kupumua, je, fundi? Avutaye moshi huo mchana huweza kutetemeka usiku kama mwenye malaria, na maziwa hayamkingi. Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2007 yamwamuru mwajiri kutoa vifaa vya kujikinga bila malipo. Mmoja akidai ataitwa mkorofi. Tukidai sote tutasikizwa.