Mtoto aliyekataa chupa na sheria ya siku 84

Ukiingia katika maduka ya Mwanga, hapa Kigoma, utakuta rafu nzima ya chupa za kunyonyeshea watoto. Zipo za plastiki na za kioo, zenye shingo nyembamba na zenye shingo pana, zenye mrija ndani unaodaiwa kuzuia gesi tumboni, na zile za bei ya juu kabisa ambazo kasha lake linaapa kwamba chuchu yake haina tofauti na titi la mama. Anayezinunua mara nyingi ni mwanamke mwenye ajira, likizo yake imebaki siku chache, na mtoto wake hataki kusikia habari ya chupa. Hununua moja, mtoto akaitema. Hununua ya pili yenye chuchu ya umbo jingine, mtoto akalia hadi sauti ikakauka. Kufikia ya tatu, mama ameanza kujiona kwamba yeye ndiye mwenye kasoro.

Swali la chupa ipi inunuliwe ni swali halali, lina majibu, na nitayatoa hapa chini kadiri ninavyoyafahamu. Lakini ni swali la mwisho katika mlolongo mrefu wa maswali ambayo hatujayauliza mahali panapostahili, yaani bungeni, katika vyama vya wafanyakazi na katika mabaraza ya madiwani.

Tuanze na hesabu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 33, inampa mwajiriwa siku 84 za likizo ya uzazi yenye malipo, au siku 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja kwa pamoja. Sheria hiyohiyo inamruhusu aianze likizo hiyo wiki nne kabla ya tarehe anayotarajiwa kujifungua. Anayefanya hivyo, kwa kuwa miguu imevimba au safari ya daladala imemshinda, ametumia siku 28 mtoto akiwa bado tumboni. Zinabaki 56. Siku anayorudi kazini, mtoto wake ana wiki nane. Kliniki nako, mama huyohuyo ameambiwa, kwa kufuata mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, kwamba mtoto anyonye maziwa ya mama peke yake, bila hata tone la maji, kwa miezi sita. Miezi sita ni wiki 26. Serikali ni moja, midomo yake miwili, na kati ya wiki ya nane au ya kumi na mbili na ile ya ishirini na sita kuna pengo. Pengo hilo ndilo soko la chupa.

Mtoto wa kaka yangu, mtumishi katika ofisi moja ya mjini ambayo sitaitaja, aliniandikia mwaka jana akiwa na wiki mbili tu za likizo. Anaishi Ujiji. "Shikamoo shangazi," aliandika, "wewe uliyesoma, niambie chupa gani haikataliwi." Nilimpigia simu, maana jibu halikutosha katika ujumbe. Alikuwa amekwishamwomba mkuu wake wa kazi zile saa mbili za kunyonyesha kwa siku ambazo kifungu hichohicho cha 33 kinampa kila mwajiriwa anayenyonyesha. Akajibiwa kwamba hilo ni suala la busara ya ofisi, na ofisi ina kazi nyingi. Nasisitiza kwa watumishi wa umma wanaonisoma: saa hizo hazitokani na busara ya mkubwa yeyote. Zimo katika sheria, na mwajiri anatakiwa kuziruhusu ndani ya saa za kazi. (Majeshi yetu, yaani JWTZ, Polisi, Magereza na JKT, yamewekwa nje ya sheria hii. Askari wa kike anayenyonyesha anastahili makala yake peke yake.)

Alipozipata hatimaye, alipangiwa azitumie mwisho wa siku. Kwa hiyo anaingia saa moja na nusu asubuhi, anatoka saa saba na nusu mchana badala ya saa tisa na nusu. Kwenye karatasi, sheria imetekelezwa. Lakini ukijumlisha mwendo wa kutoka Ujiji hadi mjini na kurudi, mtoto wa miezi mitatu anakaa zaidi ya saa saba bila titi. Saa mbili hizo zina thamani kwa mwalimu anayeishi nyumba ya shule, hatua mia mbili kutoka darasani. Kwa mtu ambaye kazi iko mbali na nyumba, na ambaye ofisi yake haina chumba wala mahali pa kumweka mtoto, zinamfikisha nyumbani mapema tu, mtoto akiwa amekwishalia vya kutosha.

Sasa kwa nini mtoto akatae? Wiki za mwanzo mtoto hunyonya kwa silika: chochote kikigusa kaakaa, mdomo unafanya kazi yenyewe. Kadiri anavyokaribia mwezi wa tatu silika hiyo hufifia na kunyonya kunakuwa jambo la hiari, na mwenye hiari huchagua. Anaijua harufu ya mama, joto lake, namna maziwa yanavyokuja taratibu kisha kwa wingi kisha taratibu tena. Halafu analetewa kitu cha mpira chenye ladha ya duka. Kwa mtoto huyo, kukataa ni dalili ya akili timamu. Na tazama jinsi ratiba zilivyokutana: sheria inamrudisha mama kazini katika majuma yaleyale ambamo mtoto anaanza kuwa na neno la kusema.

Majibu ya kawaida ni haya. Hakuna umbo la chuchu lililothibitishwa kuwa watoto wote wanaonyonya hulikubali, na maneno ya kwenye kasha ni maneno ya biashara. Kinachosaidia zaidi ni chuchu yenye tundu dogo, ya mtiririko wa polepole, ili mtoto asipaliwe. Husaidia pia mtoto ashikwe akiwa wima kiasi na chupa ilazwe, asimiminiwe. Ampe mtu mwingine, bibi au baba au dada wa nyumbani, mama akiwa nje ya nyumba kabisa, maana harufu yake ikiwa karibu mtoto anajua kitu bora kipo. Asisubiriwe mpaka awe analia kwa njaa. Mwenye hasira hajifunzi. Wala asilazimishwe. Wako watoto ambao mchana watakunywa kidogo tu na usiku watadai deni lao lote. Mama atachoka, ila mtoto akiendelea kukua vizuri si ugonjwa.

Na kama ni lazima ununue, chagua chupa nyepesi kuosha: shingo pana, vipande vichache. Ulaya ya karne ya 19 ilikuwa na chupa zenye mrija mrefu wa mpira, ambazo mtoto aliweza kujinyonyea mwenyewe mama akiendelea na kazi. Zilisifiwa sana. Mrija ule haukusafishika, vijidudu vikazaana ndani yake, watoto wakafa, na Ufaransa ikalazimika kuupiga marufuku kwa sheria mwaka 1910. Ninapoona leo chupa ya vipande sita ikiuzwa kwa mama wa Ujiji ambaye bomba likikauka hutuma ndoo ziwani, naukumbuka mrija ule.

Kwa maana hapa maji ni suala la uhai. Mwambao huu unakijua kipindupindu. Mei 2015, wakimbizi wa Burundi walipojazana Kagunga wakisubiri MV Liemba iwalete Kigoma, ugonjwa huo uliua watu zaidi ya 30 katika majuma machache. Miaka ya karibuni ziwa limepanda na kumeza nyumba na vyoo vilivyokuwa kando yake. Botswana ilijifunza kwa gharama kubwa: ilikuwa ikigawa bure maziwa ya kopo kwa watoto wa akina mama wenye virusi vya UKIMWI, na mvua kubwa za mwanzoni mwa 2006 zilipoharibu maji, wimbi la kuhara liliwaangukia zaidi watoto waliokuwa hawanyonyi. Ile ni nchi tajiri kuliko yetu, yenye mabomba mengi kuliko yetu.

Kwa hiyo jibu nililompa binti yetu halikuwa chupa hata moja. Nilimwambia atafute kikombe. Kikombe kidogo cha kawaida chenye ukingo laini, kinachooshwa kwa sabuni na kumwagiwa maji ya moto bila brashi maalumu. Mtoto anakaa wima kiasi mapajani, ukingo unagusa mdomo wa chini, maziwa yanafika usawa wa mdomo, naye anayalamba kwa ulimi kama paka. Hamiminiwi. Hospitalini hata watoto njiti hunyweshwa hivyo. Maziwa mama anayakamua kwa mkono asubuhi kabla ya kutoka, katika chombo kilichochemshwa na chenye kifuniko. Katika joto la nyuzi 25 hukaa takriban saa nne. Mchana wa Kigoma ukizidi hapo, uhesabu pungufu. Kwenye jokofu hukaa hadi siku nne. Mama yake mdogo, aliyekuwa akimlea mtoto, alicheka mwanzoni. Siku ya tatu mtoto alikuwa anakivuta kikombe mwenyewe.

Ajabu ni kwamba hakuna anayetangaza kikombe. Hakina faida. Derrick Jelliffe, aliyefundisha tiba ya watoto Makerere katika miaka ya 1960, aliutafutia jina utapiamlo aliouona ukiletwa na biashara ya maziwa ya kopo, akiona wazi kwamba tangazo nalo laweza kuwa chanzo cha ugonjwa. Vita iliyofuata, pamoja na mgomo wa kimataifa dhidi ya Nestlé ulioanza 1977, ilizaa Kanuni ya Kimataifa ya mwaka 1981 ya kudhibiti uuzaji wa vibadala vya maziwa ya mama. Nchi 118 ziliiunga mkono. Marekani peke yake ilipiga kura ya hapana. Wengi hudhani Kanuni hiyo inahusu maziwa ya kopo tu. La. Chupa na chuchu zake zimo, na haziruhusiwi kutangazwa kwa umma. Tanzania iliingiza misingi hiyo katika kanuni zake, lakini fungua simu yako uone: picha za vichanga vinavyotabasamu, chupa "sawa na titi la mama", punguzo la mwisho wa wiki. Mkaguzi anayetembelea maduka hatayaona haya, kwa kuwa duka limehamia mahali ambapo hatembei.

Bado sijawataja walio wengi. Shuka mwaloni Kibirizi au Katonga alfajiri, mitumbwi ikirejea na dagaa, uwaone wanawake wanaopokea, wanaoanika, wanaogeuza, wanaobishana bei. Watoto wako mgongoni. Hapo hakuna anayeuliza kuhusu chupa, maana titi liko karibu. Wasomi wenzangu wa mjini hupenda kuligeuza jambo hili kuwa ushairi: mama wa Kiafrika, mtoto mgongoni, uhuru. Mimi naliona tofauti. Mwanamke yule amerudi juani wiki chache baada ya kujifungua kwa sababu kwake hakuna hata siku moja ya likizo, achilia mbali 84. Sheria ya 2004 haimjui, kwa kuwa hana mwajiri. Azimio la Arusha lilikiri mwaka 1967 kwamba wanawake wa vijijini ndio wachapakazi kuliko wote nchini. Tulikiri, tukaendelea na mambo mengine.

Na mtoto akidhoofu, iwe Kibirizi au ofisini, mtaa una jibu tayari: amebemendwa. Mama na baba wanashtakiwa kwa mambo ya chumbani. Sijawahi kusikia jirani akisema kwamba mtoto huyu amedhoofishwa na kifungu cha 33.

Najua hoja ya waajiri. Likizo ikirefushwa, wanasema, wanawake hawataajiriwa. Ingekuwa hoja nzito kama mzigo wote ungebebwa na mwajiri mmoja mmoja. Lakini NSSF tayari inalipa mafao ya uzazi kwa wanachama wake. Msingi wa kugawana gharama upo, unahitaji kupanuliwa. Mkataba wa Shirika la Kazi Duniani namba 183 wa mwaka 2000 unataka wiki zisizopungua 14. Rwanda ilifika 14 mwaka 2023. Ng'ambo ya ziwa letu, sheria ya Kongo inasema 14, ingawa sote tunajua umbali uliopo kati ya sheria na mshahara kule. India ilikwenda 26 mwaka 2017, na ikawataka waajiri wenye wafanyakazi 50 au zaidi waweke mahali pa kulelea watoto. Sisi tumebaki na 12.

Bunge lina taratibu zake na litachukua muda. Halmashauri ya Manispaa ya Kigoma/Ujiji haihitaji kulisubiri. Chumba kimoja katika jengo la ofisi zake, kingine sokoni Mwanga, kingine mwaloni Kibirizi: mlango unaofungika, benchi, bomba lenye maji, kivuli, na mlezi mmoja anayelipwa. Ofisini liongezwe jokofu dogo. Hakuna hata kimoja kati ya hivyo kinachohitaji mfadhili. Kinahitaji diwani mmoja wa kukiweka katika agenda ya kikao cha bajeti, na wananchi wa kumuuliza mwezi unaofuata kiliishia wapi. Wanafunzi wangu wanaotoka Kigoma, mnaowafahamu madiwani wenu kwa majina, kazi hiyo naiweka mikononi mwenu kabla ya kikao kijacho.